Chakula kipo Iringa, mbona watoto wamedumaa?

Ndugu mhariri, naomba nafasi kidogo. Utafiti wa afya wa 2022 ulionesha asilimia 30 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa, kutoka 34 mwaka 2015/16, sawa tumeshuka, ila Iringa ni zaidi ya nusu! Njombe na Rukwa nao wako kwenye nusu hivi. Na hii ndo mikoa inayolisha nchi jamani, mahindi, viazi, maharage vyote vipo.

Mi naona shida mtoto anashindia uji wa mahindi matupu, mama yuko shamba tangu alfajiri, bibi ndo anabaki nae, mayai na maharage yanaenda sokoni kutafuta ada. Halafu semina za lishe tunaita kina mama peke yao, baba anayeamua kipi kiuzwe hayupo na bibi anayelisha hayupo. Waiteni na hao!

Ile shilingi 1,000 ya lishe kwa kila mtoto ambayo halmashauri zinatakiwa kutenga itoke kwa wakati, mhudumu wa afya afike nyumbani mimba ikiwa bado changa, maana siku 1,000 za mwanzo, yaani tangu mimba hadi mtoto afike miaka miwili, zikishapita kurudisha ni kazi kweli, hata darasani mtoto anaumia.

Msomaji wenu, Mafinga