Mjane, mashemeji na boma la wilaya

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote hatujambo, na mguu wa shangazi yako umepata nafuu.

Uliniuliza iweje matajiri wa vijijini China ya kale washtakiane vile, na huku boma liliogopwa na kila mtu. Wakati wa utawala wa Qing (1644–1912) mkuu wa wilaya ndiye alikuwa hakimu na ndiye mkusanya kodi, mtu mmoja kwa watu laki mbili na zaidi. Kwa kuwa hakuruhusiwa kufanya kazi katika mkoa wa kwao, alifika mgeni na kuondoka mgeni. Wenyeji walikuwa makarani na matarishi, nao walikula kwa wenye kesi: hela ya chai, hela ya viatu vya majani vya tarishi anayekuja kukuita shaurini. Kesi za ardhi, madeni na ndoa zilisimama tangu mwezi wa nne hadi mwisho wa mwezi wa saba wa kalenda yao, ili watu walime. Mwenye ghala lililojaa mpunga aliweza kungoja. Tena kijana wao aliyefaulu mtihani wa serikali hakuchapwa viboko mpaka avuliwe cheo kwanza. Mkulima wa kawaida alilazwa chini akachapwa. Ndiyo maana Wachina walisema mlango wa boma uko wazi, lakini mwenye haki asiye na pesa asiingie.

Ila moto wenyewe uliwaka ndani ya nyumba zao. Mashamba yaligawanywa sawa kwa wana wote wa kiume, kwa hiyo utajiri wa babu uliwafikia wajukuu vipande vipande. Basi mtu akifa bila mtoto wa kiume, ndugu zake wote macho kwa mjane. Yeye alishika mali ya marehemu mradi asiolewe tena na achukue mrithi ndani ya ukoo, kwa kawaida mtoto wa shemeji. Wa shemeji yupi? Akimkataa wa karibu kwa kuwa hawapatani, akachagua mwingine anayempenda, tayari kesi. Wengine walimsingizia zinaa. Wengine walimshurutisha aolewe, ingawa sheria ilikataza, kwa sababu akiolewa anatoka mikono mitupu, na hata mali aliyokuja nayo kutoka kwao inabaki.

Sisi tumezoea kusema sifa ya mjane mwaminifu ilikuwa mnyororo wake. Mimi naiona pia kuwa silaha: mbele ya hakimu, mjane asiye na doa ndiye aliyekuwa mgumu kunyang'anywa.

Mafaili ya wilaya ya Ba, Chongqing ya leo, yamezidi 110,000, na yanatunzwa hapo hapo Chengdu ulipo. Omba ruhusa uyaone. Anza na kesi za mirathi, kisha uniandikie mashemeji walidai nini.

Baba anakusalimu. Dawa ulizotuma zimefika.

Mama yako