Miti ya maegesho ichaguliwe kwa kivuli, si kwa umbo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wamiliki wa majengo ya biashara hapa Dodoma, ambako kiangazi huchukua zaidi ya nusu ya mwaka, wachague miti ya maegesho kwa kuzingatia ukame na kivuli badala ya umbo linalopendeza siku ya ufunguzi. Mwashoki husimama kama mlingoti, na kivuli chake hakifuniki hata gari moja. Mkungu una kivuli kizuri, lakini hupukutisha majani mapana yanayoziba mitaro. Kwa maoni yangu, mwarobaini ndio unaofaa zaidi, kwa kuwa huvumilia jua kali na udongo duni, na matawi yake hutanda.

Hata hivyo, mti mgumu nao huweza kuuawa na fundi. Kwenye duka moja ninaponunua mahitaji, vitofali vya sakafu vimelibana shina pande zote, na maji ya mvua hupita juu yake kuelekea mtaroni huku mizizi ikibaki mikavu. Iachwe angalau mita 1 ya udongo wazi kila upande, ukingo uwe na upenyo wa kuingiza maji, na mche umwagiliwe katika viangazi 2 vya mwanzo.

Msomaji wako,
Dodoma