Asante mama wa Bulengo, popote ulipo
Naandika hii kwa yule mama ambaye jina lake hatulijui hadi leo. Februari 2024 vita ilipokaribia Sake, mji ulio karibu na Goma huko mashariki mwa Kongo (DRC), dada yangu alikimbia na watoto wake wakaishia kambi ya Bulengo, pale Goma, chini ya turubai, mvua ikinyesha maji yanaingia, chakula hakuna na mdogo anaharisha mpaka kalegea kabisa. Wewe ndo ulimuona ukiwa foleni ya maji, ukaacha madumu yako hapo hapo ukambeba mgongoni mpaka kwa wale wanaopima watoto mkono kwa ule utepe wa rangi, utepe ukaonyesha nyekundu, yaani mkono uko chini ya sentimita 11.5, utapiamlo mkali, wakamuanzishia ile siagi ya karanga ya pakiti. Na wewe mwenyewe ulikuwa umekimbia vita, una wako wa kulisha! Mashirika tunayashukuru sana, ila bila wewe dada asingejua hata kama hiyo huduma ipo. Mtoto sasa anakimbia na anaongea hanyamazi. Goma ilipochukuliwa na waasi wa M23 Januari 2025, kambi zikavunjwa, tukapoteana. Mama, Mungu akutunze wewe na wanao, na kama unasoma hapa tafadhali tuandikie, dada anakuulizia kila siku.