Muziki wa darasani uzae insha

Kwa Mhariri,

Siku hizi warsha za walimu hazikosi mtu wa kusema kwamba mwanafunzi asiyependa insha awekewe muziki na apewe simu. Hatupingi. Tatizo ni namna jambo hili linavyofanywa katika madarasa mengi hapa Mombasa: muziki hupigwa kama zawadi kazi ikiisha, au hulia tu huku watoto wakiandika. Wimbo wenye maneno humpokonya mwandishi maneno yake. Ataandika anachosikia, au asiandike kitu. Ukibidi kuwapo, uwe wa ala tupu na sauti iwe chini.

Faida yenyewe iko kwenye mdundo. Mtoto anayeuogopa ukurasa mtupu hauogopi mshororo mmoja wa mizani nane, yaani silabi nane. Mwalimu afungue programu ya midundo katika simu yake, aiweke 80 kwa dakika, na kila mdundo ubebe silabi mbili. Mizani nane huisha kwa sekunde tatu, ubeti mzima wa utenzi, wenye mishororo minne, kwa sekunde 12. Ukipandisha hadi 120, ndimi zinagongana. Chakacha, ngoma yetu ya pwani, tunaipenda sote, ila ingoje kwanza: huhesabiwa sita sita, na mizani nane hazikai humo mpaka mtu ajue kuvuta silabi.

Wakae watano watano, watunge ubeti juu ya jambo wanaloliona kila siku, tuseme msongamano wa kivuko cha Likoni. "Feri imejaa watu" inakaa sawasawa. Halafu mwingine analeta "Mtoto analia sana" na anaapa ni nane. Kosa hili halikosekani: amehesabu "mto" kuwa silabi moja, ilhali "m" hapo husimama peke yake, kwa hiyo ni tisa. Kumweleza ubaoni ni kazi ya kipindi kizima. Mrekodi, ausikie mwenyewe mshororo ukizidi mdundo, na muda si muda "analia" itakuwa "alia".

Wakati wa kurekodi, simu isilazwe juu ya dawati tupu, maana kila kidole kinachogonga meza kitasikika kama ngoma. Iwekwe juu ya leso iliyokunjwa, shubiri moja kutoka mdomoni, na feni izimwe kidogo (joto letu tunalijua, lakini ni dakika chache).

Wengi huishia hapo: makofi, kicheko, kengele. Ubeti si insha. Kipande (yaani mshororo) cha kwanza cha ubeti kiwe mahali, cha pili mhusika, cha tatu tatizo, cha nne matokeo, kisha kila mwanafunzi peke yake akuze kila kipande kiwe aya. Aya nne za maneno mia mia zinafikisha 400 zinazotakiwa katika insha ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Anayekwama aisimulie aya yake kwenye kinasa sauti kwa dakika moja, asikilize sentensi, asimamishe, aandike, aendelee. Simu ya mwalimu inatosha. Waliokwama zaidi ndio watangulie.

Kuna pia kuiambia simu iandike. Google iliongeza Kiswahili katika huduma hiyo mwaka 2017, na kwa mtoto mzito wa kalamu inasaidia. Lakini maneno hutoka yamefuatana bila nukta wala koma, na mtandao ukikatika kazi mara nyingi husimama. Matini hayo yapewe mwanafunzi ayaakifishe kwa mkono, nalo ni zoezi zuri kuliko mengi ya vitabuni. Wanaochapa waweke kibodi ya Kiswahili kwanza. Ya Kiingereza itawageuzia maneno bila wao kujua.

Katika kipindi cha dakika 40, mdundo na kurekodi visipite 20. Wimbo wenyewe usipewe alama hata moja. Ukipewa, mwenye sauti nzuri atabeba kazi yote na wenzake wanne watakuwa waitikiaji tu.

Walimu wa Kiswahili,
Kisauni, Mombasa