Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Maji Kwanza, Rangi Baadaye

Ndugu wanachama,

Hesabu za mwaka zipo kwenye kabrasha la mweka hazina na sitazirudia hapa. Ada ambazo hazijalipwa ni zile zile, na wenye nazo wanajijua. Nafasi hii nitaitumia kwa kazi yenyewe ya chama chetu: majengo ya zamani ya katikati ya mji wetu wa Mwanza, barabara zinazoyazunguka, na maji ambayo ndiyo yanayoharibu vyote viwili.

Nianze na sheria, maana kila mkutano swali linarudi: kwa nini jengo la zamani linabomolewa na hakuna anayezuia? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Wajerumani waliweka kituo chao hapa Mwanza mwaka 1892, na reli ya kutoka Tabora ikafika mwaka 1928. Piga hesabu utaona kwamba tarehe hiyo haiyakingi majengo yetu, si nyumba ya Gunzert, afisa wa Kijerumani, kule mlimani, wala maduka ya wafanyabiashara wa Kihindi yaliyojengwa enzi za pamba. Yanalindwa tu pale Waziri mwenye dhamana anapolitangaza jengo husika kwenye Gazeti la Serikali. Ajabu ni kwamba sheria hiyo hiyo inailinda milango ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940. Nyumba inaweza kuondoka kihalali na mlango wake ukabaki na haki kuliko kuta zilizoushika.

Ndiyo maana kamati imeweka nguvu kwenye fomu ya jengo. Bila kumbukumbu hakuna ombi la kutangazwa litakaloshika. Fomu inataka picha ya kila upande, upana na kimo kwa mita, aina ya paa, ukuta umejengwa kwa kitu gani, matumizi ya sasa, na mwaka kama umeandikwa kwenye plasta ya mbele juu ya mlango, kama ilivyokuwa desturi ya wajenzi wengi wa wakati ule. Nyufa zichorwe kwenye mchoro, si kutajwa tu. Weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za ufa, andika tarehe, pima upana wake, rudi baada ya masika. Ufa mwembamba kama unywele uliokaa vile vile misimu miwili si wa kukukosesha usingizi. Uliozidi milimita 5, au unaoendelea kupanuka, huo aitwe mhandisi, na fundi asikubaliwe kuuziba kabla hajaja.

Sasa kuta. Kosa tunalolikuta mara nyingi kuliko yote ni plasta ya saruji juu ya ukuta uliojengwa kwa chokaa. Ukuta wa zamani hauna tabaka la kuzuia unyevu chini. Unavuta maji kutoka ardhini na kuyatoa kupitia uso wake. Chokaa inaruhusu hilo, saruji inalizuia. Maji yakikosa njia hupanda juu zaidi, huyeyusha chumvi iliyomo ukutani, na chumvi hiyo ikiganda nyuma ya saruji huisukuma mpaka ifumuke. Mwenye nyumba anaona plasta imevimba, anaita fundi, fundi anaongeza saruji yenye nguvu zaidi. Baada ya mvua chache unyevu umefika kwenye madirisha.

Namna ya kurekebisha si ya gharama kubwa, ila inataka subira, na subira ndiyo haipatikani madukani. Bandua saruji yote hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu. Sugua chumvi kwa brashi kavu. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani. Acha ukuta upumue kiangazi kizima, Juni hadi Agosti. Kisha udongo wa chokaa: sehemu moja ya chokaa kwa mchanga sehemu tatu. Chokaa ya unga ya mfuko ilowekwe kwenye pipa siku nzima kabla ya kuchanganya, wiki ni bora zaidi. Anayetumia chokaa hai, ya mawe, aimimine chokaa kwenye maji, asimwage maji juu ya chokaa, na avae miwani. Inachemka na inapofusha. Lowanisha ukuta kidogo, piga tabaka la kwanza lisizidi milimita 10, liache kama wiki ndipo lije la pili. Funika kwa magunia yaliyoloweshwa, hasa kuta zinazotazama jua la mchana. Plasta ya chokaa ikikauka haraka hugeuka unga. Mwisho paka chokaa nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano, kila mmoja na siku yake. Rangi ya plastiki ya ndoo inarudisha tatizo lile lile kwa mlango wa nyuma.

Mchanga nao uchunguzwe. Jaza chupa nusu kwa mchanga, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, iache hadi kesho. Tope litakalokaa juu likizidi kama sehemu moja kwa kumi na mbili ya mchanga, uoshwe au urudishwe. Mchanga wa ufukweni usiletwe kabisa. Ziwa letu ni la maji baridi, kwa hiyo hoja si chumvi. Chembe zake mara nyingi ni laini na za mviringo, hazishikani, na tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Hata hivyo, kabla ya kugusa ukuta, tazama paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 50 linamwaga lita 5,000. Gata likiziba, au bomba la kushushia likiishia kwenye mguu wa ukuta, lita hizo zote zinaingia kwenye msingi. Bomba lifikishwe kwenye mtaro. Misumari ya bati ipigwe kwenye mgongo wa wimbi. Ikipigwa bondeni ndiko maji yanakopita, na papi, mbao zinazopigiliwa bati, zinaanza kuoza pasipo dalili yoyote darini. Wanaong'oa vigae vya udongo na kuweka bati wakumbuke kuwa uzito wa vigae ndio ulioshikilia paa. Bati ni jepesi, na upepo wa ziwani unaokuja na radi za jioni hauna huruma: kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zifungwe kwenye ukuta kwa vyuma.

Kuhusu barabara, tuna miji miwili ndani ya mmoja, wa chini na wa milimani, na dawa zake hazifanani.

Chini, mjini kati, shimo la lami huzibwa na kufumuka kwa sababu zile zile. Kiraka kinamwagwa kwenye shimo lenye maji na kingo zilizomeguka. Kiraka cha kudumu hukatwa kwa pembe nne, kuingia kwenye lami nzima kama sentimita 10 kila upande, kingo zikasimama wima. Udongo laini unatolewa mpaka chini pawe pagumu, panafagiliwa na kukaushwa, lami nyepesi inapakwa chini na pembeni, kisha mchanganyiko unawekwa kwa matabaka yasiyozidi milimita 50, kila moja likishindiliwa. Kilele kibaki juu kidogo, magari yatamalizia. Lakini kama mtaro wa pembeni umejaa mchanga, hata kiraka hicho ni kupoteza hela. Mchanga wa miamba yetu unashuka kutoka vilimani kila mvua, hivyo mitaro izibuliwe Septemba kabla ya vuli na tena Februari kabla ya masika, na mchanga uliotolewa uzolewe siku hiyo hiyo. Kuulundika ukingoni ni kuuazima mpaka mvua ijayo.

Penye vitofali vya pevingi, unene uwe milimita 80 panapopita magari. Vya 60 ni vya watembea kwa miguu. Chini yake mchanga wa milimita 30 tu. Fundi anayesawazisha msingi mbovu kwa kuongeza mchanga anatengeneza mabonde. Taasisi zinazochimba kupitisha mabomba hujaza mtaro mara moja na kuondoka. Tumeomba masharti ya kibali yaseme wazi kuwa kifusi kirudishwe kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka lishindiliwe likiwa na unyevu.

Milimani, moramu haikai kwenye mteremko mkali. Barabara za mawe ndizo zinazodumu, na mawe hatuyaagizi popote. Jiwe la sentimita 15 hadi 20 lisimamishwe kwa urefu wake, lisilazwe. Lililolazwa hung'oka kwanza. Vijiwe vidogo vikazwe katikati kabla ya kujaza kwa saruji, na kingo za zege zijengwe pande zote mbili kabla ya mawe, kwa sababu barabara hiyo huanza kufa pembeni. Mitaro yake iwe ya ngazi ili maji yapungue kasi kabla ya kufika Mto Mirongo.

Wenye majengo karibu na ziwa wana jambo la ziada. Mei 2020 kimo cha maji ya ziwa kwenye kipimo cha Jinja, Uganda, kilifika mita 13.42, kikapita rekodi ya 1964 ya mita 13.41. Ziwa likipanda, maji ya ardhini nayo hupanda, na unyevu ukutani unaweza kuongezeka hata paa likiwa zima. Kwa majengo hayo msibandue plasta bila kwanza kupima kina cha maji kwenye shimo lililochimbwa nje ya jengo.

Maazimio mawili yapigiwe kura. La kwanza, tuiombe halmashauri isitoe kibali cha kubomoa jengo lenye fomu yetu kabla afisa mipango miji hajalikagua. La pili, baraza za maduka ya zamani zilizozibwa kuwa stoo zifunguliwe angalau mita 1.8, ili mtembea kwa miguu asisukumwe barabarani kwenye bodaboda; wamachinga waliopo washirikishwe mapema, wasiondolewe asubuhi kwa mgambo. Fomu za majengo zirudishwe kwa katibu kabla ya vuli kuanza, zikiwa na picha za paa pia. Nyingi zilizokuja zina picha ya mbele tu.