Shukrani kwa dereva wa lori, jangwa la Chalbi

Ndugu zangu wa Mombasa, jambo hili lataka mashahidi. Tulitoka Marsabit kuelekea Kalacha, mimi, watoto na mama yangu mzee, katika matatu ya zamani tuliyoitia vitanda na jiko. Chalbi juu ni ganda la chumvi, pakavu kabisa. Chini, mvua ikishanyesha, ni tope tupu. Magurudumu ya nyuma yakazama hadi ekseli.

Dereva wa lori la samaki wa Loiyangalani akasimama bila kupungiwa mkono. Kwanza alimpa mama maji, akamkalisha kivulini. Kisha akalala kifudifudi topeni, akachimbua kwa sepetu, akapunguza upepo matairi mpaka yakabonyea, akatandika magunia chini ya magurudumu. Akatuvuta kwa mnyororo, taratibu mno, asije akang'oa bampa. Tulipotoka akajaza upepo kwa mpira wa lori lake na kutufuata hadi Kalacha, giza limeshaingia. Pesa alikataa katakata.

Hakutufokea hata mara moja, na hilo lilinigusa kuliko kuvutwa. Mnaokwenda kaskazini, chukueni mnyororo na magunia, na mkimwona aliyekwama simameni. Kaka, mama anakusalimu sana. Ukishuka Mombasa, chakula chako kipo nyumbani.