Chuma haikatazi kuranti bila fili

Bwana Mhariri,

Jambo kwenu wote pa gazeti. Nilisoma habari yenu ya wiki iliyopita juu ya kupeleka kuranti hewani bila fili, na karibu na mwisho mliandika kwamba mu nyumba ya chuma hiyo kitu haiwezekani juu chuma inakata mawimbi. Mimi ni fundi wa simu hapa komini Kenya, Lubumbashi, atelye yangu ni kontenere ya futi 20, mwaka wa saba sasa ninashinda mule ndani, kwa hiyo naomba nafasi kidogo niseme, juu nusu ya ile maneno ni kweli na nusu mmeigeuza.

Kweli ni hii: nikifunga milango yote miwili simu inapoteza rezo, mteja anapiga anaambiwa sipatikani. Nikisukuma mlango kidogo, pakabaki nafasi ya kupitisha ngumi, mesaji zote zinaingia kwa mara moja. Faraday, mwanasayansi Mwingereza, aliionyesha tangu 1836, na chumba alichokizungushia karatasi ya chuma. Lakini ukuta unaozuia wimbi la inje lisiingie njo ule ule unaozuia la ndani lisitoke! Weka anteni ndani, ipe nguvu, wimbi linagonga ukuta linarudi, linagonga tena, haliko na pa kwenda, mpaka likute anteni ingine ya kulipokea ama liishie kidogo kidogo mu ukuta wenyewe. Pa uwanja ile nguvu ingetawanyika yote.

Mashine ya mikroonde inafanya kazi vile vile. Ni sanduku ya chuma, mawimbi yake ni ya gigahezi 2.45, urefu wa wimbi moja ni sentimita 12 hivi, na yakikutana na yale yanayorudi, pengine yanajumlishana pengine yanafutana, njo maana sahani inazunguka, bila vile chakula ingeungua pahali pamoja na pengine ingebaki baridi. Shida ya kweli ya kuranti mu chuma iko pale, haiko mu chuma kukata mawimbi. Anteni ya kupokea ikikaa pale yanapofutana haipate kitu, uisogeze vidole viwili inapata.

Ukitumia mawimbi ya megahezi kidogo, yaani marefu zaidi, hizo sehemu za kujumlishana na kufutana zinapanuka. Nilipiga hesabu ya kontenere yangu, ndani iko mita 5.9 kwa 2.35, kwenda juu 2.39, na wimbi la kwanza linaloweza kusimama mule vizuri ni la megahezi 68 hivi, chini ya pale redio za FM zinaanzia. Watu wa Disney Research, maabara ya utafiti ya kampuni ya filamu Disney kule Marekani, walishuka zaidi, mu 2017 walijenga chumba cha kuta za aluminyomu, nguzo ya kopa (shaba) katikati yenye kondansateri (kifaa cha kuweka umeme), wakatumia megahezi 1.3, na walisema wanaweza kupeleka mpaka wati 1900 bila kupitisha kipimo cha usalama wa mtu aliye mule ndani, juu sehemu kubwa ya nguvu ya umeme inabaki mu kondansateri, inayojaa chumba ni ile ya sumaku. Mu 2021 watu wa Chuo Kikuu cha Tokyo na wa Michigan walifanya chumba cha mita 3 kwa 3, wakapeleka wati 50. Vyote viwili vyumba vya chuma, Bwana Mhariri.

Mie siwazi wati 1900. Shemeji yangu anauzisha samaki, mwaka jana alinunua makartoni ya tomsoni mu kontenere ya baridi, kipima-baridi cha ndani batri yake ilikuwa imekufa njiani na hakuna aliyejua, alipofungua kartoni ya tatu maji mekundu yakamwagika ku viatu, harufu ikajaa barabara nzima. Feza ya watoto ya masomo iliishia pale. Kipima-baridi kile hakiombe hata sehemu moja ya elfu ya wati moja, anteni moja ndogo ya kupeleka na moja ya kupokea ingetosha kukilisha siku zote bila batri. Tena samaki aliyeganda vizuri hale mawimbi sana, akiyeyuka anayala, ile tofauti yenyewe ingeweza kuwa alama.

Najua kontenere ni ya chuma cha kawaida, na chuma hicho kinapoteza nguvu mingi kuliko aluminyomu ama kopa. Lakini kopa tunaitoa hapa, malori yanapita kila siku kwenda Kasumbalesa, ku mpaka wa Zambia, karatasi nyembamba ya kubandika ku ukuta isitushinde.

Naomba basi msahihishe ile sentensi. Na muandike kwa herufi kubwa kwamba mtu asifungue mashine ya mikroonde eti achukue ile tyube ya ndani afanye majaribio, kijana mmoja wa avenyu yetu alikuwa ameishaanza kufungua visi nikamnyanganya turnavisi. Kondansateri mule inaweza kubakia na volti elfu mbili hivi hata umechomoa ku ukuta, na mawimbi yakitoka inje yanapika macho kabla hujasikia moto.

Wanafunzi wa Polytechnique (masomo ya uinjinia) pale UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wakitaka kontenere ya kupimia, yangu iko. Siku ya mungu sifungue kazi, ufunguo ninao mimi.

Fundi wa simu, komini Kenya, Lubumbashi